Mcheza Kwao Hutuzwa na Nani?

Wahenga walituachia neno lisemalo kwamba mcheza kwao hutuzwa. Neno hili twalisikia harusini, twalisikia ngomani, na katika mitihani ya Kiswahili halikosi kutokea. Hakuna anayelipinga. Lakini kiangazi kilichopita nilifuata mechi za vijana hapa Gongoni na mitaa ya jirani, tangu mvua zilipokatika mwezi wa Mei mpaka majani ya miembe yalipofunikwa na vumbi mwezi wa Septemba, na tangu hapo nina swali ambalo naomba niliweke mbele ya wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu. Mtoto achezaye kwao, hapa petu, hutuzwa na nani?

Tutazame kwanza maana ya kutuza. Wako wadhanio kwamba kutuza ni kutoa fedha. Hiyo ni nusu tu ya maana. Katika ngoma, mwenye kutuza huinuka alipoketi, akaingia uwanjani, akamkaribia mchezaji hata akaliona jasho lake, ndipo akambandika noti katika paji la uso. Aliyeketi nyumbani kwake hawezi kumtuza mtu. Hivyo sharti la kwanza la kutuza ni kufika, na la pili ni kuona. Maoni yangu ni kwamba watoto wetu wanakosa tuzo hiyo ya kufikiwa na kuonwa, na kwamba kukosa huko kunawaletea madhara ambayo wakubwa wetu hawayajui, kwa kuwa hawakuwapo yalipotokea.

Mimi mwenyewe si mchezaji. Mpira nikiupiga kulia huenda kushoto, na wenzangu wamekwisha choka kunicheka. Mwalimu wa michezo aliponiona sina kazi alinipa daftari, akaniambia niandike katika kila mechi nani kacheza, nani kafunga, nani kaumia na nani katolewa. Mwenye daftari hawezi kuondoka mapema wala kuchagua mechi nzuri tu. Kwa ajili hiyo niliziona nyingi, zile za kusisimua na zile zilizotufanya tupige miayo.

Kwanza zilikuja mechi za shule kwa shule, za kutafuta wachezaji wa UMISSETA. Mashindano hayo mji wetu wayajua vizuri, maana mwaka 2022 na mwaka 2023 yalifanyika hapa hapa Tabora kwa taifa zima, tukapokea wageni wa mikoa mingi. Kisha shule zilipofungwa ukaja mpira wa mitaani, ule ambao vijana huuita ndondo: mtaa kwa mtaa, madereva wa bodaboda kwa mafundi seremala, na zawadi ya mwisho ni mbuzi, ambaye hufungwa kando ya kiwanja akawa anawatazama wanaomgombea. Kiwanja chenyewe hakina nyasi. Milingoti ya goli ni miti iliyokatwa porini, nyavu hakuna, na kwa hiyo kila bao lipitalo karibu na mlingoti huleta baraza la robo saa. Niliona marafiki wawili wakicheza kwa jozi moja ya viatu, huyu kavaa cha kulia na yule cha kushoto, na wote wawili wakafunga.

Sasa nitaje watazamaji. Siku ya fainali ya mbuzi watu walikuwa wengi, sikatai. Lakini fainali ni siku moja. Katika siku nyingine zote, saa kumi na nusu jioni, ungewakuta watoto wadogo wasio na pa kwenda, vijana wawili watatu waliolaza pikipiki zao kivulini, na bibi mmoja auzaye karanga. Baba na mama wa wachezaji ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vingine vikabaki bila kazi.

Na si kwamba watu wetu hawapendi kandanda. Jioni hizo hizo, hatua chache kutoka kiwanjani, kibanda cha televisheni hujaa hata wengine wakachungulia dirishani. Humo utamkuta mzee wa makamo aijuaye historia yote ya Yanga tangu ilipoanzishwa mwaka 1935 na ya Simba tangu mwaka 1936, na awezaye kukutajia mpaka wachezaji wa akiba wa klabu za Uingereza. Muulize jina la kijana anayelinda lango la mtaa wake, naye atakuomba umkumbushe ni mtoto wa nani.

Nisieleweke vibaya. Timu kubwa ni furaha ya watu wote, nami pia huzishangilia. Tarehe 7 Novemba 2024, timu yetu ya Tabora, iliyokuwa ikiitwa Tabora United wakati huo, iliifunga Yanga mabao 3 kwa 1 huko Dar es Salaam, na sijui ni nani katika mji huu asiyejivuna akikumbuka siku ile. Wazee wetu nao hutusimulia habari za Milambo, klabu iliyochukua jina la Mtemi Mirambo, jinsi ilivyopata kucheza ligi ya juu ya nchi. Hayo ni mazuri. Lakini mchezaji wa ligi kuu ana daktari wake, ana kocha wake, ana mshahara na ana waandishi wa magazeti. Kama wewe hukwenda kumtazama, hapungukiwi na kitu. Mtoto wa jirani hana hata kimoja katika hivyo. Pengine macho yako ndiyo mali pekee awezayo kuipata katika mchezo ule.

Nitaeleza jambo moja ili msomaji aone kwamba sisemi maneno ya hewani.

Katika timu moja ya vijana alikuwako winga wa kushoto ambaye jina lake sitalitaja. Mwezi wa Mei na Juni daftari langu limejaa mabao yake. Mwezi wa Julai mabao yakakoma. Wenzake walisema ameringa. Mwingine akasema amerogwa. Siku moja nilikuwa nimeketi karibu na yule bibi muuza karanga, naye akaniambia, bila kuacha kufunga vikaratasi vyake: “Mjukuu wangu, yule ana goti. Mtazame apandapo ukingo ule, hutanguliza mguu mmoja siku zote. Mguu huo haukuanza kuuma jana.”

Tulimwambia mwalimu, na kijana akapelekwa hospitali. Goti lilikuwa limeumia kwa muda wa wiki tatu, naye alikuwa akilifunga kitambaa usiku, akikificha alfajiri. Kwa nini alificha? Kwa sababu baba yake alikuwa amemkataza kucheza, akiamini kwamba mpira ni kazi ya wahuni. Hivyo kulisema goti kungekuwa sawa na kusema lilikoumia. Tabibu alimwamuru apumzike, akaongeza kwamba kama angeendelea mwezi mwingine labda asingecheza tena, wala kutembea vizuri.

Mzee wake alikasirika sana aliposikia. Lakini mwezi wa Septemba nilimwona amesimama mbali chini ya mwembe, kashika baiskeli yake, akitazama mechi ambayo mwanawe hakucheza. Kijana alikuwa ameketi nasi pembeni, akinisaidia kuandika. Mechi ilipokwisha alimwendea baba yake, akamwamkia, wakaondoka pamoja wakiikokota ile baiskeli katikati yao. Sijui walizungumza nini njiani. Ninalolijua ni kwamba watu wengi walimtazama kijana yule wakihesabu mabao, na daftari langu pia lilihesabu mabao, lakini aliyemtazama kama mtoto alikuwa bibi wa karanga peke yake.

Wazazi wengi wana hoja, na haifai kuipuuza. Husema: mpira hauleti ugali, na mtoto akiupenda mno ataacha masomo. Ni kweli kwamba wako walioacha. Ni kweli vilevile kwamba wachache mno hufika mbali. Mbwana Samatta alijulikana kwanza na timu ya Mbagala Market, iliyokuja kuitwa African Lyon, akapita Simba, akaenda TP Mazembe ya Kongo na kutwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015, hata mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza. Lakini Samatta ni mmoja, na vijana waliocheza mitaani wakati wake walikuwa maelfu. Mimi siwaahidi wazazi kwamba mtoto wao atakuwa Samatta. Nasema kinyume chake: kwa kuwa karibu wote hawatakuwa, ndiyo maana yafaa kuwatazama sasa. Wengi wao mchezo wao wote ni huu, wa hapa Gongoni, wa miaka mitatu au minne. Tukiukosa, hakuna mwingine utakaokuja baadaye tuutazame katika televisheni.

Na kumkataza mtoto hakumzuii kucheza. Humzuia kusema tu. Mzazi afikaye kiwanjani ndiye awezaye kumwambia mwanawe, “Leo umecheza vema, lakini kesho una jaribio la hesabu,” naye akasikilizwa, kwa sababu amekwisha kuonyesha kwamba anakijua kile anachokizuia.

Jambo la pili ni uaminifu. Katika michezo ya vijana tuna ugonjwa wa zamani wa kuingiza watu wasiostahili: mamluki asiye mwanafunzi aliyevikwa jezi ya shule, na mtu mzima aliyepunguziwa miaka kwa kalamu. Msomaji asidhani kwamba ni mambo madogo ya mitaani. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, iliyokuwa imekwisha kufuzu kwenda mashindano ya Afrika huko Gambia, iliondolewa kwa ajili ya mchezaji aliyezidi umri. Timu nzima ililipa deni la karatasi moja. Siku hizi wakubwa wa mpira duniani wana mashine. Tangu mwaka 2009 FIFA imetumia picha za kifundo cha mkono katika mashindano ya vijana wa umri huo ili kuupima ukomavu wa mifupa. Sisi hapa hatuna mashine hiyo, lakini tuna majirani. Mama aliyekuja kumtazama mtoto siku ya arobaini yake hahitaji cheti cha kuzaliwa ili ajue miaka yake. Palipo na mama kama huyo kando ya mstari, hakuna kocha athubutuye kumleta mtu mwenye ndevu akasema ni wa kidato cha pili.

Jambo la tatu lanitia aibu kuliandika, lakini lipo. Mechi zinapokosa wazazi hupata watu wengine. Niliwaona wanaume wazima wakikaa nyuma ya goli, hawana timu, hawashangilii. Kazi yao ni kuwekeana fedha juu ya miguu ya watoto. Siku moja kabla ya mechi mlinda lango mwenye umri wa miaka 15 aliitwa pembeni, akaambiwa kwamba akiuachia mpira mmoja upite atapewa shilingi elfu tano. Alikataa, na mimi namheshimu kwa hilo. Lakini kwa nini mtoto aachwe peke yake mbele ya mtihani kama ule? Niliangalia tena daftari langu nikaona jambo: jioni ambazo wazazi wanne au watano walifika, wale watu wa nyuma ya goli hawakukaa. Hakuna aliyewafukuza. Walisimama kidogo, wakaamkia wazee, wakaenda zao.

Nikisema watoto nasema pia wasichana. Wakati wavulana wakicheza, mara nyingi netiboli huwa inachezwa kiwanja cha pili, na watazamaji wa huko ni wachache kuliko wetu. Wako pia wasichana wachezao kandanda, ambao husikia maneno yasiyofaa kuandikwa katika gazeti la shule. Wanaosema maneno hayo huenda hawakumbuki kwamba timu ya Tanzania iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia ilikuwa ya wasichana. Mwaka 2022, huko India, Serengeti Girls wa chini ya miaka 17 waliifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Kila mmoja wao alianza katika kiwanja cha vumbi mahali fulani, na bila shaka alikuwako mtu aliyesimama pembeni akimtazama.

Hata katika michezo tusiyoizoea habari ni ile ile. Mwaka 2025 vijana wetu wa kriketi wa chini ya miaka 19 walikwenda Lagos, Nigeria, katika mashindano ya kufuzu, wakapata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia la umri wao kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi. Nilipowasimulia wenzangu darasani, wengine waliuliza kama mchezo huo wachezwa Tanzania. Wachezwa, na umechezwa miaka mingi. Ni sisi tu tusioutazama. Tumejizoeza kuwapokea vijana uwanja wa ndege wakati wamekwisha shinda, na kuwasahau katika miaka ile yote ambayo walikuwa bado wanajifunza kuushika mpira.

Je, yawezekana kufanya vinginevyo? Yawezekana, na hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Nairobi, katika mitaa ya Mathare, kuna chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987. Chama hicho kina kanuni ambayo nilipoisikia niliipenda: katika ligi yao timu hupata alama kwa kushinda mechi, na hupata alama pia kwa kusafisha mtaa, kuzoa takataka na kuzibua mifereji. Timu inaweza kushinda uwanjani ikapitwa katika msimamo na timu iliyoshika koleo. Kutoka katika chama hicho ilizaliwa klabu ya Mathare United, ambayo mwaka 2008 ilikuwa bingwa wa Kenya. Mimi naona hekima ya kanuni ile ni hii: mtu ambaye mfereji wa mlangoni pake umezibuliwa na vijana hawezi tena kusema kwamba hawajui, na vijana nao hujifunza kwamba mtaa si wa kuwashangilia tu, bali una haki juu yao.

Basi naomba kutoa mashauri manne, ambayo hayahitaji bajeti.

Kwanza, ratiba ya mechi za shule itangazwe mapema, nasi wanafunzi tupewe karatasi za kuwapelekea wazazi, kama tunavyopewa barua za michango. Barua za michango hazipotei njiani. Na hizi pia hazitapotea.

Pili, kila mzazi ajiwekee deni la mechi moja tu kwa muhula. Si lazima akae mpaka mwisho. Dakika ishirini zatosha kwa mtoto kumwona.

Tatu, kabla ya kila mechi majina ya wachezaji, na madarasa yao ikiwa ni timu za shule, yasomwe kwa sauti mbele ya watu wote. Mwenye haki hataona haya kuitwa jina lake, na asiye na haki atatafuta njia ya kutokea. Pamoja na hayo pawe na sanduku dogo la huduma ya kwanza, na mwalimu awaulize wachezaji mmoja mmoja kama wana maumivu, badala ya kungoja mpaka wachechemee.

Nne, sisi vijana tuwe na la kurudisha. Tuanze na kiwanja chenyewe na mifereji ya nyumba zinazokizunguka, Jumamosi moja kila mwezi. Na tuache matusi kwa refa, maana wazee wengi wameniambia kwamba kilichowafukuza kiwanjani ni midomo yetu. Hilo ni letu, wala tusimtafute mwingine wa kulibeba.

Najua kwamba wazazi wetu wana shughuli nyingi. Yuko aliye sokoni mpaka jua linapozama, yuko aliye shambani kwenye tumbaku, na yuko aliye safarini. Mji huu tangu enzi za misafara ya wapagazi umekuwa mji wa watu wanaokwenda mbali na kurudi. Hatuwaombi waache kazi. Twaomba jioni moja, na wale wasioweza kabisa waulize usiku, mezani, “Leo mmecheza na nani?” kisha wangoje jibu.

Muhula ujao mechi yetu ya kwanza itachezwa saa kumi na nusu jioni, siku itakayobandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na lango. Kivuli cha mwembe ni kikubwa na chatosha watu wengi. Karanga zitakuwapo, na daftari litakuwapo. Nimekwisha piga safu mpya katika kurasa zake, kando ya ile ya mabao, nami natumaini kuijaza majina ya wazazi watakaofika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Gongoni